Kubadili Video Bila Kuitazama

Pale senta ya Kwaluguru, katikati ya duka la pembejeo na saluni ya kinyozi, kuna chumba chembamba ambacho mchana kutwa mlango wake ni pazia tu. Humo ndimo anamokaa Yuditha na laptopu yake. Ukitaka nyimbo kwenye memori kadi, anakurushia. Ukiwa na sidii ya harusi yako na deki imeshakufa, anakuhamishia kwenye flashi. Na kama una video ambayo kwenye simu inacheza vizuri lakini kwenye tivii inagoma, anaibadili iwe ya aina ambayo tivii yako inaijua.

Hiyo kazi ya mwisho watu wengi hawaielewi. Wanaona video ni video, basi. Yuditha amezoea kuwaambia ni kama mahindi. Huyu anataka ya kuchoma, yule anataka unga, mwingine hana meno anataka uji. Mahindi ni yale yale, ila lazima yapite mahali kwanza. Watu husema aa, kumbe, kisha wanarudi wiki nyingine na swali lile lile.

Kazi aliifundishwa na mume wake, Obadia. Walitoka pamoja Mashewa, kule Korogwe, ndoa yao ikiwa bado changa, Wasambaa wawili wa kanisani wakaja kutafuta maisha kwa Wazigua. Halafu Obadia akasikia habari za machimbo ya Mererani. Akasema anaenda kuangalia tu. Alipiga simu mara chache, kila mara mtandao unasumbua. Baadaye simu yenyewe ikawa haipatikani, mpaka Yuditha akaacha kuipiga, maana yule mwanamke wa kwenye mtambo anayesema namba haipatikani alikuwa kama ameanza kumzoea.

Watu wa Kwaluguru hawakumuuliza kitu. Walimheshimu. Walimletea boga, walimwita dada wa laptopu, walimsalimia asubuhi na jioni. Lakini kukaa naye hawakukaa. Sherehe zote za kata zilimfikia zikiwa zimekwisha, kwenye kadi ndogo kama ukucha. Alimjua mama anayelia kwenye kila harusi hata isiyomhusu. Alimjua mzee anayeshika kipaza sauti akasahau kukirudisha. Akikutana nao barabarani anatamani kucheka nao, lakini wao hawajui kama anawajua, basi inakuwa za saa hizi, nzuri, wanapishana.

Siku moja alimwambia mteja kwa utani, "Mama, mbona harusi yote ile hamkunialika?"

Yule mama alicheka kwa roho safi kabisa. "Tukualike ya nini, mwanangu? Si utaiona yote?"

Mtu aliyekaa naye alikuwa mmoja, Yusra, binti wa Mzee Muhsin mwenye nyumba ya nyuma yake. Alimaliza shule, akaja kuchaji simu, akasahau kuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila karanga, akiwasema watu waliomo kwenye video.

"Huyu bwana harusi anatembea kama amekanyaga misumari."

"Viatu vya kuazima hivyo," Yuditha alisema.

"Na huyu mpambe wake je? Mwili mzima wa kuazima."

Walicheka mpaka kinyozi wa jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Baada ya Yusra kwenda kwao, chumba kilikuwa kinabaki na ule mlio mdogo wa feni ya laptopu, na Yuditha alikuwa anauacha uendelee hata kama hana kazi.

Kisha Yusra akaposwa. Kijana anaitwa Sufiani, ana duka la vifaa vya baiskeli Mkumbara, kule kwenye barabara ya Moshi. Yusra alileta habari hizo akiwa amesimama, hakukaa kwenye ndoo.

"Da Yudi, siku ya kufundwa nataka uwepo."

"Nitakuwepo. Nitakaa kwenye turubai na wageni."

"Sio kwenye turubai. Ndani, na wanawake. Ukae pale nikuone."

"Mimi sijachezwa, Yusra."

"Hata kidogo?"

"Kwani kuna kuchezwa kidogo?"

Yusra alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alijua. Pale Kwaluguru, binti akikaribia kuolewa wanawake hukaa naye chumbani, kungwi akamfunda kwa maneno na kwa ngoma, na yanayosemwa humo hayatoki. Mwanamke ambaye mwenyewe hakuchezwa ngoma hiyo haingii, hata akiwa na wajukuu. Anakaa nje na watoto. Wala si kumtukana, ndivyo ilivyo. Na kwao Yuditha, baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mambo ya ngoma yaliachwa huko nyuma kwa bibi zake.

"Nitamwambia kungwi, Bi Mwaija," Yusra alisema. "Akikubali yeye, hakuna wa kusema kitu."

Tangu siku hiyo Yuditha akawa na kitu anachokitaka. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kutaka kitu, akashangaa kinavyochosha. Alitaka kuwa ndani ya kile chumba siku ile, aone jambo likitendeka mbele yake, halafu Yusra ndiyo aende zake Mkumbara.

Sasa, kabla ya siku ya Yusra, alikuwa amefundwa binamu yake, Shamsia. Na siku chache baadaye pazia la Yuditha likafunuliwa na Bi Mwaija mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani hata asipobeba kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo, mjukuu wangu?" Aliangalia kila pembe ya chumba. "Upo peke yako?"

"Niko peke yangu, bibi. Kila siku."

Bi Mwaija alikaa kwenye ndoo ya Yusra, akatoa simu kwenye pindo la khanga. Alieleza polepole. Dada yake mkubwa, Bi Tatu, alivunjika nyonga, hatoki kitandani. Yeye ndiye aliyemlea Shamsia, na siku ya kumfunda hakuweza kufika. Akalia kama mtoto. Ikabidi wafanye jambo ambalo halifanywi, wakamrekodia kwa simu, ili aone mwenyewe kwamba mtoto amefundwa vizuri. Lakini macho ya Bi Tatu yana ukungu, kioo cha simu hakioni. Wameiweka kwenye tivii ya Mzee Muhsin, sauti inatoka, picha hakuna.

"Inataka kubadilishwa," Yuditha alisema.

"Handeni mjini wapo wenye mashine. Lakini wanaume watupu." Akamgeukia Yuditha. "Wewe umechezwa?"

"Hapana, bibi."

"Nilisikia hivyo." Alizungusha ile simu mkononi. "Unaweza kuibadili bila kuitazama?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Yuditha alifikiri. Kumbe mashine haihitaji macho ya mtu. Unaiwekea video, unachagua aina unayotaka, unabonyeza, mstari wa kijani unaanza kutambaa, ukifika mwisho kazi imeisha. Hata zile picha ndogo zinazotokea juu ya kila video unaweza kuziondoa, yakabaki majina.

"Naweza."

"Wala hutasikiliza."

"Nitazima sauti."

Bi Mwaija alimtazama muda, akaweka simu mezani, akaondoka. Hakumwacha mtu wa kumlinda.

Yuditha alifunga pazia. Alianzisha kazi, akafunika kioo kwa khanga yake, akabakiza ukanda wa chini tu pale mstari unapopita. Halafu akakaa akiutazama ule mstari. Angeweza kufunua. Hakuna mtu duniani angejua. Yote ambayo Yusra angeambiwa, yote ambayo wanawake wa pale wanayajua na yeye hayajui, yalikuwa chini ya kitambaa, hatua moja kutoka alipo. Mkono wake ulifika kwenye pindo la khanga, ukaishika kabisa. Kisha akageuka, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi akiwa amekipa kioo mgongo. Alimenya vingi kuliko anavyoweza kula mtu mmoja.

Kazi ilipokwisha kuna jambo huwa hakosi kulifanya. Hufungua ile video mpya, akaangalia mwanzo, katikati na mwisho, kuona kama imetoka salama. Siku hiyo hakuangalia. Alitoa flashi, akaifunga kwenye karatasi, akaipeleka.

Kesho yake wanawake wakajaa sebuleni kwa Mzee Muhsin. Mwenyewe alifukuzwa kwake, akaenda kukaa kwa kinyozi. Bi Tatu akabebwa na godoro lake, akalazwa mbele ya tivii. Madirisha yakafungwa mapazia. Yusra, kwa kuwa na yeye bado hajafundwa, alitolewa nje, akaja mbio kwa Yuditha na kukaa kwenye ndoo yake.

"Leo wote tuko nje," alisema.

"Leo wote," Yuditha alisema, na siku hiyo kuwa nje hakukumuuma.

Wakasikia kicheko kutoka nyumba ya nyuma. Yuditha akatabasamu, akijua inacheza. Lakini kicheko kikaendelea. Kikazidi, kikawa kile cha watu kushikana mabega. Yusra akaacha kutafuna.

"Hakuna cha kuchekesha hivyo mle," alisema. "Nijuavyo mimi."

"Wewe unajua nini?"

"Sijui. Ila hawajawahi kutoka wanacheka."

Pazia likafunuliwa. Bi Mwaija alikuwa na flashi mkononi na shingo yake ameishika kwa mkono mwingine. Alimwambia Yusra atoke, Yusra akatoka.

"Mjukuu wangu. Mbona watu wamelala?"

"Wamelala vipi, bibi?"

"Wamelala ubavu. Ngoma inapigwa ukutani. Sakafu iko huku," alionyesha kwenye bega lake. "Dada yangu yeye hana taabu, amelala ubavu, anaona sawasawa, anauliza tunacheka nini. Sisi wengine shingo zimekufa. Halafu hapo katikati wakageuka, wakawa miguu juu. Mama Shamsia akatoka nje, akasema yeye hawezi kumwona mwanawe anacheza kama popo."

Yuditha alielewa hapo hapo. Mrekodi aliishika simu mara hivi mara vile, na simu yenyewe hukumbuka ilishikwa vipi, ikainyoosha picha. Lakini video ikibadilishwa, ile kumbukumbu huanguka njiani, na wewe ndiye unayetakiwa kuinyoosha. Ni kosa la mtu anayejifunza.

"Nisamehe, bibi. Ningetupa jicho mara moja tu, ningeliona."

Bi Mwaija aliacha kusugua shingo.

"Kwa hiyo hukutupa."

"Si nilikuahidi."

"Mh," alisema Bi Mwaija. Akavuta ndoo, akakaa.

Kazi ya kurekebisha haikuweza kufanywa bila macho, kwa hiyo macho yakawa ya Bi Mwaija. Vipande vilikuwa kadhaa, kila kimoja kimelala kivyake. Yuditha alifungua kipande, akageukia ukuta. Bi Mwaija akabonyeza pale alipoonyeshwa.

"Huyu kichwa kipo kulia."

"Funga."

"Nimefunga."

"Kweli, bibi?"

"Nikisema nimefunga, nimefunga. Mimi ndiye nisiyetaka uone, unaniuliza mimi?"

Yuditha akageuka, akakinyoosha kile kipande, akafungua tena, akageukia ukuta tena.

"Sasa?"

"Sasa kichwa kipo kushoto."

"Nimezidisha. Funga."

Ikawa hivyo alasiri nzima. Wakati mstari unatambaa hawakuwa na la kufanya ila kukaa, na Yuditha alibaki vilevile, uso ukutani, mpaka akayazoea matone ya chokaa pale. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye muda mrefu kiasi kile, mbali na Yusra. Bi Mwaija aliuliza Mashewa wanalima nini. Aliuliza mama yake yuko wapi, akaambiwa ni marehemu, akasema pole. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza mahindi, "Mume wako harudi."

Hakuna aliyewahi kulitamka. Kama wangekuwa wametazamana, pengine Yuditha angesema atarudi.

"Sidhani, bibi," aliuambia ukuta.

"Mh. Huyu sasa amesimama vizuri. Leta mwingine."

Yuditha alileta mwingine. Alipoona bibi yuko tayari kuongea, akajikaza. "Bibi, ile siku ya Yusra."

"Najua. Ameshanililia huyo."

"Unasemaje?"

Bi Mwaija hakuharakisha. "Mtu mzima kuchezwa si ajabu. Wapo waliochezwa na watoto mgongoni. Lakini lazima uletwe. Aje mama yako, au shangazi, au yeyote wa tumbo lenu, aseme huyu ni wetu, mchukueni. Una wa kukuleta?"

"Yupo shangazi, Mashewa. Mwimbaji wa kwaya. Akisikia ngoma tu anavuka barabara."

"Huyo haji."

"Haji."

Yuditha alisubiri. Alikuwa na hakika kwamba sasa bibi atasema nitakuleta mimi. Alilisubiri neno hilo, akihesabu kwamba bibi anatafuta tu namna ya kulisema.

"Mimi ndiye mpokeaji," alisema Bi Mwaija. "Siwezi kukuleta halafu nikajipokea mwenyewe. Na hawa wengine, kila mmoja ana wa kwake." Kidole chake kikagonga meza. "Nibonyeze hapa?"

"Bonyeza."

Vipande vilipokwisha, Bi Mwaija alisimama, akanyoosha mgongo, akaichukua flashi. Mlangoni akageuka. Alisema kwa upole, na huo upole ulionekana hautoki mara nyingi.

"Video ya Yusra utaibadili wewe. Nitawaambia wote. Mtu aliyekaa na jambo letu mezani kwake asilifunue, huyo hatumwachi tena."

Yuditha akasema ahsante. Alimaanisha. Ila baada ya pazia kutulia alibaki amesimama katikati ya chumba, akiligeuza lile neno huku na huku. Walichompendea ni kwamba alibaki nje. Na kadiri atakavyobaki nje vizuri, ndivyo watakavyozidi kumpenda.

Siku ya Yusra ilifika na jua kali. Bi Mwaija alitimiza neno lake. Chumba cha mwali kilikuwa kidogo, godoro la Bi Tatu halikuingia, na ili asisubiri mpaka kesho, Yuditha aliitwa na laptopu yake palepale nyumbani kwa Mzee Muhsin. Akawekewa stuli kwenye korido nyembamba, kati ya chumba cha mwali na kile alicholazwa Bi Tatu na tivii. Waya wa umeme ulipitishwa chini ya mlango. Kati yake na Yusra palikuwa na pazia la maua.

Aliwahi kufika. Alimwona Yusra akipitishwa asubuhi, kafunikwa khanga mbili, akajua ni yeye kwa namna anavyoburuta kisigino. Pazia likashuka. Yuditha alikuwa ameahidi kutosikiliza, na hakuna aliyemkumbusha, akavaa headfoni mwenyewe. Hakuweka wimbo wowote. Ndani ya masikio yake palikuwa kimya kama chini ya maji. Ila sakafu ilikuwa ya saruji, na ngoma ilipoanza aliisikia kwa nyayo. Iliingia miguuni, ikapanda kwenye magoti, akajua sasa wanacheza wengi, sasa anacheza mmoja. Alikaza macho kwenye lile pazia, akaliona likitikisika chini kila miguu inapopita karibu. Ngoma ikatulia kwa muda mrefu. Alidhani labda sasa wanamwambia yale maneno. Kisha nyayo zikaanza tena kwa nguvu, nyingi, kwa pamoja, naye hakujua ni kwa lipi.

Wanawake walipotoka walikuwa wamelowa jasho, nyuso zinang'aa, bado wanaegemeana. Yuditha alivua headfoni. Walipomwona walishusha sauti. Hawakumnunia, mmoja alimgusa bega kabisa. Walishusha tu, kama mtu anavyovuta mlango anapopita.

Yusra akatolewa mwisho, kafunikwa, kaongozwa kwa mkono. Korido ilikuwa nyembamba, ikabidi Yuditha avute miguu na kubana stuli ukutani ili wapite. Khanga zikamgusa magoti. Zile khanga zikasimama.

"Da Yudi," ilisema sauti kutoka ndani ya khanga. "Umekula?"

"Mwali haongei," alisema Bi Mwaija.

Yuditha alitaka kumjibu. Akijibu, Yusra ataongea tena, na atagombezwa mbele ya watu siku yake. Kwa hiyo hakujibu. Alivuta miguu zaidi. Khanga zikasubiri kidogo, zikaendelea, zikaishia mlangoni kwenye mwanga.

Bi Mwaija akampa kadi. Yuditha akaiweka kwenye mashine, akaondoa picha akabakiza majina. Bi Mwaija akakaa upande wa kioo, yeye akageukia ukuta, wakaanza. Walikuwa wameshazoea. Kulia. Funga. Sasa? Vizuri, leta mwingine. Mrekodi safari hii aliambiwa mapema asiizungushe simu, kazi ikaenda haraka. Wakahamisha kwenye flashi, Bi Mwaija akaingia nayo kwa dada yake, akavuta mlango.

Kutoka ndani Yuditha alisikia sauti ya kizee ya Bi Tatu. "Leo wamesimama."

"Wamesimama," alisema Bi Mwaija.

"Basi na mimi niinue, sioni kitu."

Wakacheka wote wawili. Nje kwenye turubai sufuria zilianza kufunuliwa. Mtoto mdogo wa kike alikuja kwenye korido ameshika sahani ya pilau kwa mikono miwili, ameifunika na sahani nyingine, ulimi nje kwa kujitahidi isimwagike.

"Mwali kasema ule," alisema.

"Kasema?"

"Kaninong'oneza."

Yuditha akapokea, akaiweka magotini. Mtoto akakimbilia nje kwa wenzake. Kutoka chumba kile sauti ilikuwa imeanza kutoka kwenye tivii, kwa hiyo akarudisha headfoni masikioni, akanawa kwa maji ya kopo, akala taratibu, uso ukutani, mpaka sahani ikaisha.